Mhandisi Aliyetuambia "Labda"

Habari za kifo chake nilipewa na mwanamke aliyekuwa akimlaumu kila alipopandisha beseni la dagaa mlimani. Nilikuwa sokoni Katonga asubuhi, nimeinama juu ya fungu la samaki aina ya migebuka, nachagua na kurudisha kama kawaida yangu, akanigusa bega. "Mzee, umesikia? Yule Bwana Labda amefariki." Nikamuuliza lini. Akasema jana, nyumbani kwake Bangwe, ni moyo. Jirani ndiye aliyesikia simu inaita ndani bila kupokelewa, ikakatika, ikaita tena, ikakatika, mpaka wakavunja mlango. Aliyekuwa akipiga ni binti yake. Kisha huyu mama akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alitua beseni lake chini, akajifuta uso kwa pindo la khanga, akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Amekufa hajanijibu, Mzee. Miaka yote hii nimemuuliza, amekufa hajanijibu." Nikairudisha migebuka ya watu penye fungu lake, nikaondoka bila kununua.

Wanaonifuata kwenye safu hii wanajua kwamba huwa sikimbilii kuandika juu ya wafu. Jina la huyu sitalitaja, na hata ningelitaja wengi wenu msingelitambua, kwa sababu hakuwa mtu wa majukwaani. Alikuwa mhandisi wa hisabati. Wewe uliyekunja uso hapo, subiri kidogo, hata mimi nilikunja. Alinisimulia kwamba alipomaliza chuo kikuu na kurudi kwao, huko nyanda za juu kusini, wajomba zake walimchinjia mbuzi, wakala wakashiba, halafu mmoja wao akauliza: sasa wewe ni mhandisi wa nini? Wa barabara? Hapana, mjomba. Wa maji? Hapana. Wa umeme? Hapana. Sasa wa nini? Wa hesabu. Yule mjomba akachokonoa meno, akafikiri, akasema: "Lakini hesabu si ulikuwa unajua tangu ukiwa unachunga?" Alikuwa akicheka anaponisimulia hayo. Ila nilikuja kugundua kwamba alikuwa akiyasimulia mara kwa mara, na kila mara kicheko chake kilikuwa kifupi kuliko cha kabla yake.

Nilivyomwelewa mimi, kazi yake ilikuwa hivi. Kabla daraja halijajengwa, kabla gati halijamwagiwa zege, lazima mtu akae chini ajiulize upepo utafanya nini, maji yatafanya nini, uzito utafanya nini, mambo ambayo bado hayajatokea na pengine hayatatokea kamwe. Kujiuliza huko hakufanyiki kwa maneno, kunafanyika kwa hesabu ndefu za kompyuta ambazo mtu mwingine akizitazama anaona vijidudu tu. Akishamaliza, anawapa wenzake jibu, wao wanajenga. Siku ya uzinduzi mhandisi wa zege anasimama mbele na kofia yake, anaonyesha kidole, anasema kile pale ni changu. "Mimi ninyooshe kidole wapi, kaka?" aliniuliza siku moja. "Kwenye daraja ambalo halijaanguka? Madaraja karibu yote hayajaanguka." Alipoanza maisha alifundisha sekondari kwanza, kwa sababu waajiri hawakujua wamweke chumba gani. Baadaye akapata kampuni moja Dar es Salaam, na kampuni ikamleta huku kwetu kwa kazi ya miezi tu, kupanga mahali papya pa kupokelea na kuanikia samaki kwenye mwalo mmoja mdogo wa kutulia mitumbwi upande wetu, ambao nao nitauacha bila jina. Mke wake alikuwa na kazi Morogoro, akabaki huko na binti yao wa pekee. Kazi iliisha. Yeye hakuondoka, akapata mkataba mwingine mdogo, na mwingine, na kila mwaka alisema mwakani narudi nyumbani.

Tulifahamiana kwa ugomvi. Nilikuwa nimeandika hapa hapa kwamba ziwa limepanda kuliko wakati wowote. Wiki iliyofuata, nikiwa kwenye kahawa yangu ya jioni Ujiji, akaja mtu mwembamba, amevaa kandambili na shati lililopigwa pasi vizuri mno, mkononi gazeti lililokunjwa. Akasalimia wote, akaketi kando yangu, akaniwekea kidole penye sentensi ile. "Kaka, umejuaje?" Nikamuuliza nimejuaje nini. "Hiyo kuliko wakati wowote. Wakati wowote ni muda mrefu sana." Nikamwambia ni namna tu ya kusema, bwana, hata wewe nyumbani kwako unasema nina njaa nakufa, na hufi. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Akasema anajua ni namna ya kusema, lakini kuna watu wanajenga nyumba zao juu ya namna za kusema. Nilikasirika usiku kucha. Kesho yake nikamtafuta mwenyewe, kwani katika umri wangu huu wanaonisoma kwa makini kiasi hicho si wengi, na mwandishi ni mtu wa majivuno hata akizeeka.

Nilimtembelea nyumbani kwake Bangwe. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, kompyuta, jiko la gesi kwenye kona, na kiti kimoja. Kimoja tu. Alinipa mimi, yeye akageuza ndoo akakalia. Nikamtania: mhandisi mzima, nunua kiti kingine. Akaniuliza nani atakikalia. Hakusema kwa kujihurumia. Aliuliza tu kama mtu anayeuliza kama mvua imenyesha Kasulu, na mimi nikatazama nje. Kwa dirisha lake ziwa lilikuwa limejaa lote, mpaka milima ya Kongo. Akajaza maji kwenye beseni, akalibeba mbele yangu, akatembea. Maji yakaanza kuyumba, yakaenda upande huu, yakarudi upande ule, mwishoni yakamwagika miguuni pake, na uso wake ukawa wa mtoto. "Unaona? Ziwa letu ndivyo lilivyo. Upepo wa kusi ukivuma miezi yake, unayasukuma maji huku kaskazini. Upepo ukikatika, yanarudi. Yanayumba, kaka. Ziwa zima hili linayumba, na hakuna anayeliona." Aliongea mpaka chai ikapoa: mvua na mito inayoingia, jua linalonywa maji, mto mmoja tu wa kutokea upande wa Kongo ambao ukiziba kwa matope na majani sisi huku tunalowa. Sikuelewa hata nusu. Nilichokielewa ni kwamba mtu huyu alikuwa hajaongea siku nyingi.

Sasa nirudi kwenye swali la yule mama. Nilikuwepo siku lilipoulizwa mara ya kwanza, kwenye mkutano wa hadhara pale mwaloni, nilikwenda kama mwandishi. Hesabu zake zilikuwa zimesema kwamba banda na vichanja vya kuanikia dagaa vitoke pale ufukweni vilipokuwa tangu enzi za bibi zao, vipelekwe juu, kwenye bega la mlima. Wanawake waliuona mlima, wakaona migongo yao. Huyu mama, ambaye ndiye kiongozi wa wenzake na ana sauti ya kusikika mpaka katikati ya ziwa, akasimama. "Shikamoo Mhandisi. Mimi sikusoma, nina swali moja tu dogo. Hapa nilipokanyaga, ziwa litafika ama halitafika?" Mwenyekiti wa mkutano alimtazama mhandisi kwa jicho la kumsaidia, jicho linalosema, sema litafika, tumalize, soda zinapata moto. Mhandisi akasimama. Akatazama ile ardhi chini ya miguu ya mama. Kisha akasema, "Sijui, mama. Labda."

Kicheko kilichotoka pale sijakisahau. Walicheka wanawake, walicheka wavuvi, mwenyekiti alicheka kwa kuficha hasira. Yeye alijaribu kueleza, akasema ziwa linaweza kukaa miaka na miaka lisifike, na linaweza kufika msimu ujao, na kwamba kazi yake si kutabiri bali kupima hatari, lakini kwa kicheko kile hata kipaza sauti kilishindwa. Mtu wa kazi nyingine angesema ndiyo, litafika, na angekuwa mwongo mwenye heshima. Watu wa kazi yake ndio pekee ninaowajua wanaoweza kufanya kosa la namna ile: ukiwauliza swali la ndiyo au hapana mbele ya umati, wanakujibu ukweli. Banda likajengwa juu hivyo hivyo, kwa kuwa waliotoa fedha walishakubali hesabu. Na yeye akashuka kutoka mkutanoni na jina jipya.

Halafu ziwa likapanda. Mnaoishi huku mnakumbuka, sihitaji kuwaeleza, mlihamisha vitanda wenyewe. Liliingia nyumba za watu, likaing'oa michikichi, likameza njia ambazo tulizipita tukienda shule. Nikafikiri sasa Bwana Labda atapata heshima yake. Lakini pale kwenye mwalo wake, wasomaji wangu, maji yalikuja, yakaja, yakafika kwenye jiwe kubwa ambalo wanawake hufulia, na hapo yakasimama. Yakakaa msimu, yakaanza kurudi. Pale penye banda la zamani hapakulowa. Na wale wanawake kila siku wakawa wanapanda mlima na mabeseni kichwani, wakigeuka wanaliona lile eneo lao la zamani limetulia, kavu, limekaa bure. "Kwa hiyo ulikosea," nilimwambia, kwa ule ukatili mdogo wa marafiki. Akasema hapana. Nikamwambia basi ulipatia. Akasema hapana, nalo hilo halijulikani. Akanieleza kwamba kazi yake ikifanikiwa inafanana na kosa, na ikishindwa inafanana na msiba, na kwamba angependa hata siku moja ifanane na yenyewe. Nilicheka. Sasa nikiandika sioni cha kuchekesha.

Kilichofuata ndicho kilichomtenga kabisa. Wanawake waliomba warudishiwe banda chini. Wakubwa wakasema hakuna shida, alimradi mhandisi aseme kwa maandishi kwamba pale ni salama. Wakaenda kwake Bangwe, kundi zima, huyu mama mbele. Wakamsalimia kwa heshima zote, wakapiga magoti nusu kama wafanyavyo Waha, wakamwita baba. Akasema hawezi kuandika kwamba ni salama. Mama akamwambia basi andika kwamba si salama, ili tujue moja, tukate tamaa tupumzike. Akasema hilo nalo hawezi. "Sasa baba, sisi hiyo labda yako tuifanyeje? Tuianike?" Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Tangu siku hiyo wengine wakiiona njia aliyoshika walishika nyingine. Hakutukanwa, huku kwetu watu hawana matusi ya hovyo. Alisalimiwa, akaitikiwa, basi. Mtu anaweza kuishi miaka katika mji wa watu wenye salamu nzuri na asiwe na mtu.

Kuna jambo ambalo sababu yake niliijua mimi peke yangu, na niliijua kwa bahati. Yule mtu alikuwa anakula dagaa wa mwalo ule. Katonga ilikuwa karibu naye zaidi, tambarare, samaki wa kila namna, lakini kila Jumamosi alikwenda mwaloni, akaanza chini kabisa ufukweni zinapotua mitumbwi, akapanda njia ile ile ya wanawake mpaka bandani, akanunua kwa yule mama dagaa wa kipimo cha sufuria moja, akashuka. Daktari alishamwambia moyo wake hautaki milima. Siku moja nilimfuata, nikahema kama mbuzi, nikamwuliza katikati ya njia, wewe bwana, unatafuta nini huku na hali yako? Akaegemea jiwe, jasho linamtoka, akasema: "Wao wanapanda kwa sababu ya hesabu yangu. Nitakaaje chini?" Kule juu mama akampimia bila tabasamu, akamuuliza kama anavyomuuliza kila Jumamosi: "Haya baba, litafika ama halitafika?" Na yeye akasema, "Sijui, mama," akapokea dagaa wake kwa mikono miwili.

Msibani walinipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, maana mimi ni mtu wa kalamu. Mnajua wenyewe wasifu wetu unavyokwenda: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa. Mwili ulikuwa usafirishwe kwao siku ile ile baada ya kuagwa, gari lilishakuja, na mimi nilikuwa nimekwama kwenye kazi. Niliwauliza majirani, marehemu alikuwa anafanya kazi gani? Mmoja akasema mwalimu. Mwingine akasema si mwalimu, fundi wa kompyuta. Jirani wa ukuta mmoja, aliyevunja mlango, akasema kwa uhakika kwamba alikuwa mtu wa hali ya hewa, kwa sababu kila asubuhi alikuwa akisimama dirishani kulitazama ziwa. Uwanja mzima ulikuwa umejaa viti vya plastiki vya kukodi, vingi, vimepangwa mistari, na karibu nusu havikuwa na watu. Nilivitazama nikakumbuka ndoo yake. Nikaumia jamani, niseme ukweli, nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama huko mpaka nikatulia.

Huko nyuma ndiko nilikomkuta binti yake. Alikuwa amefika alfajiri na basi pamoja na mama yake, msichana mrefu mwenye paji la uso la baba yake. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, pole sana." Akaniuliza kama mimi ndiye yule wa gazeti, baba alikuwa akimtajia. Kisha akauliza, bila kunitazama, kama baba yake alikuwa na marafiki huku. Nikamwambia alikuwa na mimi. Akangoja niendelee, sikuwa na wa kumwongeza. Akanieleza kwamba yuko chuo mwaka wa kwanza, anasoma kile kile alichosoma baba yake, na kwamba wajomba wameshaanza kumwambia ahame mapema, achukue kitu ambacho watu wanakijua. Usiku ule simu ilipokuwa ikiita bila kupokelewa, alikuwa anampigia kumwambia kwamba amekubali kuhama. "Sasa sijui nimwambie nani," akasema. Akafuta macho kwa kiganja. "Ni kweli watu wa mwaloni walikuwa wanamchukia?"

Ningeweza kumdanganya. Badala yake nilimwomba mwenyekiti wa mtaa atupe saa moja, nikatafuta bodaboda mbili, nikampeleka. Tukaanzia chini, kwenye mitumbwi, tukapita jiwe la kufulia, tukapita pale pakavu, tukapanda. Sikumweleza lolote njiani kwa kuwa pumzi zilikuwa hazinitoshi. Bandani wanawake walikuwa wakijiandaa kuja msibani, wamejifunga khanga, na vichanja vimefunikwa. Yule mama alituona, akamtazama msichana kwenye paji la uso, akajua. "Huyu ni mwana wa nani? Ni wake?" "Ego," nikaitikia kwa Kiha, "ndiye." Wakamzunguka, wakampa pole kwa Kiha na kwa Kiswahili, kwa mikono. Mama akamuuliza anasoma nini. Akajibu, nasoma kama baba. Mama akamshika mkono, akamgeuza taratibu, wakatazama wote chini, ule ufukwe wa zamani, jiwe, na maji yakimetameta mpaka Kongo.

"Basi wewe niambie, mwanangu. Baba yako amekwenda na jibu langu. Pale chini, litafika ama halitafika?"

Nilitamani kumfinya aseme lolote. Ndiyo, hapana, lolote, msiba unasamehe. Msichana alitazama maji muda mrefu. Akatazama zile njia ambazo miguu ya wanawake imechimba mlimani. Kisha akasema, kwa sauti ndogo lakini bila kuinamisha kichwa, "Sijui, mama."

Mama alicheka. Alicheka mpaka akaegemea nguzo ya banda, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo, akamvuta binti kifuani na kuwaambia wenzake, "Ni wake huyu. Ni wake kabisa." Kisha akaingia ndani, akatoka na dagaa waliofungwa kwenye mfuko. Akasema hawa ni wa Jumamosi, walishapimwa, mwenyewe hakuja.

Walikuja wote kumuaga. Viti vikajaa. Katika wasifu, nilipofika penye kazi, niliandika kwamba alikuwa mhandisi wa hisabati, halafu nikaweka karatasi pembeni nikaeleza kwa mdomo: habari ya beseni, habari ya gazeti langu na lile swali lake la umejuaje, na habari ya Jumamosi, na kwa nini alikuwa akiupanda ule mlima. Hapo ndipo nilipomsikia yule mama wa mwaloni akisema "Kumbe!" mara moja, kwa nguvu, kisha akaficha uso. Tulilisindikiza gari mpaka Kidahwe, ndipo tuliposhuka kuwaacha wasafiri waendelee na njia yao. Binti alishusha kioo, akaniambia atarudi chuoni, hatahama. Sikumwambia vizuri wala vibaya. Nilimwambia tu asiishi na kiti kimoja.

Vijana wananiandikia kuniuliza kama masomo haya yana kazi. Nimeshawauliza wanaojua, wananiambia kazi ipo, na inaongezeka, kwa sababu hali ya hewa imevurugika na kila mtu sasa anataka kujua maji yatafika wapi. Lakini mimi si mshauri wa ajira, nilichokiona ni kingine. Tumezoea kuwapigia makofi wenye uhakika. Anayetuambia litafika tunampa kiti cha mbele, anayetuambia halitafika tunambeba mabegani, na anayetuambia ukweli, kwamba hajui ila amepima na hatari ipo, tunamwacha anywe chai peke yake dirishani. Kijana, ukiipenda kazi hii, jifunze hesabu zake zote, na jifunze pia kulitamka neno sijui mbele ya watu wanaokucheka. Na sisi wengine tujifunze kukaa na mtu wa namna hiyo. Hakuhitaji tumwamini. Alihitaji tumuulize swali la pili.

Wiki hii nilikutana na yule mama Katonga. Amekuja mhandisi mpya, kijana mchangamfu, ametembezwa mwaloni na kusema pale chini ni salama kabisa, banda lishushwe tu. Wanawake walipiga vigelegele, na sitawalaumu, mlima ule naujua. Nikampongeza, nikamwambia hatimaye umepata jibu lako. Hakuonekana mwenye furaha. "Nilimuuliza, Mzee," akasema. "Nilimwambia, mwanangu, umejuaje?" Nikamuuliza naye alijibuje. Mama akainama, akajitwisha beseni lake, akaliweka sawa kichwani. "Akacheka. Akasema, mama, wewe niamini tu." Kisha akaniaga na kurudi kwake mwaloni kupandisha dagaa, na kule juu Jumamosi hii hakuna wa kumpimia, maana yule aliyekuwa akisema hajui hayupo.